Umeambiwa Una Saratani ya Mapafu: Mwongozo kwa Mgonjwa wa Lamu na Jamaa Wanaomuuguza

Mgonjwa wa Lamu mara nyingi hapewi majibu ya vipimo vyake nyumbani kwake. Huyapata Mombasa, katika chumba ambacho hajawahi kuingia kabla ya siku hiyo, kutoka kwa daktari asiyemjua, kisha hupanda basi na kurudi hadi Mokowe akiwa na bahasha mapajani, na anapovuka kwa mashua kuingia mjini huwa hakumbuki zaidi ya neno moja katika yote aliyoambiwa. Neno hilo ni saratani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, na kwa ajili ya jamaa atakayempokea gatini. Ukienda Mkunguni ukamuulizia Mohamed, hakuna atakayekujibu. Utaulizwa kwanza, Mohamed yupi, wa nani, wa mtaa gani? Saratani ya mapafu ni hivyo hivyo. Ni jina moja linalobebwa na magonjwa kadhaa yenye tabia mbalimbali, na hakuna tiba inayoweza kuchaguliwa vyema mpaka jina kamili la ugonjwa wa mtu huyo lijulikane.

Niliyajua haya kwa kumsindikiza ami yangu, nahodha aliyestaafu, katika safari zake za matibabu. Mengi tuliyajua kwa kuchelewa.

Mambo yasiyongoja

Kwa wagonjwa wengi, wiki moja au mbili za kukusanya vipimo si wiki zilizopotea, ingawa ile aina iitwayo ya seli ndogo huenda kasi na hutaka haraka zaidi. Hata hivyo zipo dalili chache ambazo hazingoji tarehe ya kliniki wala ushauri wa barazani: kukohoa damu nyingi, yaani si michirizi ndani ya makohozi bali damu yenyewe, kuishiwa na pumzi hali mtu ameketi, kuvimba uso na shingo huku mishipa ya kifuani ikijitokeza, kuumwa kichwa kusikokoma kunakofuatana na kutapika, kuchanganyikiwa au degedege, na miguu kulegea, au mkojo kuziba au kujitokea wenyewe, hasa ikiwa mgongo nao unauma. Miguu ikilegea, huenda uvimbe unaubana uti wa mgongo, na hapo tofauti baina ya kutembea tena na kutotembea huwa ni ya saa, si ya siku. Mpelekeni mgonjwa Hospitali ya King Fahd wakati huo huo, usiku au mchana, na mwambieni daktari wa zamu tangu mlangoni kwamba ana saratani ya mapafu, ili asianze kumpima malaria.

Nani aambiwe, na nani ashike karatasi

Desturi yetu ni kumficha mgonjwa. Jamaa humwahi daktari kabla mgonjwa hajaingia wakamsihi asimwambie, kwa kuhofia kwamba ataikatia tamaa roho yake. Nia ni ya huruma, lakini nimeona matokeo yake. Kwa siku tisa sisi tulikuwa tukizungumza chini chini mbele ya mlango, hata ami akatuita na kusema, “Mwanangu, mnanong'ona hapo dakani kana kwamba mnanipangia harusi. Niambieni tu.” Alikuwa amekwisha jua, alichokosa ni mtu wa kuzungumza naye. Zaidi ya hayo, Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, njia za tiba zilizopo, faida zake, hatari zake na gharama zake, kwa lugha anayoielewa. Basi mgonjwa anaweza kusema bila haya, “Daktari, nieleze kwa Kiswahili,” na tiba ambayo yeye mwenyewe ndiye atakayeitilia sahihi haiwezi kuanza kwa hadithi ya kikohozi cha kawaida. Iwapo mgonjwa mwenyewe anasema hataki kujua yote, hiyo nayo ni haki yake, na amtaje atakayejua kwa niaba yake.

Kisha mchague msindikizaji mmoja. Si lazima awe mkubwa wa ukoo. Wakubwa watashauriwa kama ada ilivyo, lakini msindikizaji awe mtu anayeweza kusoma karatasi, kuandika anayoambiwa, na kumuuliza daktari mara ya pili bila kuona aibu. Tuliwahi kwenda watano tukarudi na habari tano zisizolingana. Huyo msindikizaji ashike faili moja, na ndani yake ziwe ripoti zote, picha zote na sidii zake, orodha ya dawa na tarehe zilipoanzwa, majibu ya damu, pamoja na nakala za kitambulisho. Kila karatasi ipigwe picha kwa simu siku hiyo hiyo, kwani mashua zetu zina maji na mizigo ya basi hupotea. Daktari akiruhusu, mazungumzo yarekodiwe, ili wale waliobaki nyumbani wamsikie yeye mwenyewe badala ya kutegemea kumbukumbu ya mtu mwenye hofu.

Jina kamili la ugonjwa

Swali la kwanza ni hili: je, saratani imethibitishwa, au inashukiwa tu? Picha ya eksirei, na hata ile ya siti skani inayoonyesha kifua kipande kwa kipande, huonyesha uvimbe ulipo na ukubwa wake, lakini haisemi kwa yakini uvimbe huo ni nini. Uthibitisho hutoka katika nyama yenyewe, kwa kipimo kiitwacho bayopsi. Uvimbe ukiwa karibu na njia kubwa za hewa, daktari hupitisha mrija mwembamba wenye kamera puani au mdomoni akakata vipande vidogo. Ukiwa pembeni mwa pafu, sindano hupitishwa baina ya mbavu huku picha ikiiongoza. Na ikiwa maji yamejaa kando ya pafu, au tezi imevimba shingoni, huenda sampuli ikachukuliwa huko bila kuligusa pafu kabisa. Watu wengi pwani huamini kwamba saratani ikiguswa na kisu hutawanyika. Imani hiyo imewachelewesha wengi, na haina msingi wa kumfanya mtu akatae kipimo hiki. Hatari zake za kweli ni hewa kuvuja kando ya pafu na damu kidogo kutoka, na ndiyo sababu mgonjwa huangaliwa kwa saa kadhaa baada ya sindano.

Hapa sina budi kusema habari ya kifua kikuu. Kikohozi kisichokwisha, kukonda, jasho la usiku na damu katika makohozi ni dalili za magonjwa yote mawili, na kwa kuwa kifua kikuu kimeenea nchini, ndicho kinachofikiriwa kwanza. Si kosa kukifikiria. Kosa ni kuendelea kukitibu pasipo ushahidi. Ami alipewa dawa za kifua kikuu katika kituo kimoja cha afya ilhali makohozi yake, yaliyopimwa kwa mashine ya GeneXpert, hayakuonyesha vijidudu. Alizimeza miezi minne, uzito ukazidi kushuka, na kila tulipouliza tuliambiwa tumalize dozi ya miezi sita. Kwa hiyo, mtu aliyeanzishiwa dawa hizo bila vijidudu kuonekana, na baada ya mwezi mmoja au miwili hapati nafuu, aombe siti skani na barua ya rufaa. Kinyume chake pia ni kweli: kivuli katika picha bila bayopsi chaweza kuwa kifua kikuu, na wapo waliolia msiba wa saratani ambayo hawakuwa nayo.

Bayopsi ikirudi, ripoti hutaja aina. Karibu wagonjwa 85 katika kila 100 wana saratani isiyo ya seli ndogo, na wengine wapatao 15 wana ile ya seli ndogo. Kundi la kwanza lina matawi yake, na makubwa ni mawili: adenokasinoma, ambayo huwapata hata wasiowahi kuvuta sigara, na ile ya skwamasi, ambayo huandamana zaidi na tumbaku. Ripoti inayosema “saratani” pekee bila kutaja tawi haijakamilika, na msindikizaji anayo haki ya kuuliza kama maabara inaweza kuongeza kipimo. Hilo ndilo jina lake.

Jina la babake ni hatua. Hatua ya kwanza ina maana kwamba uvimbe ni mdogo, usiozidi sentimita 4, na haujaingia katika tezi. Hatua ya pili, uvimbe ni mkubwa zaidi, au umefika katika tezi za upande ule ule, karibu na mzizi wa pafu. Hatua ya tatu, umefika katika tezi za katikati ya kifua au umeshikana na viungo vya jirani. Hatua ya nne, umeenea: pafu la pili, maji ya kifuani yenye seli za saratani, mifupa, ini, ubongo, au tezi zilizo juu ya figo. Ili hatua ijulikane, siti skani ya kifua na ya tumbo la juu ni lazima, na mara nyingi kichwa nacho hupigwa picha. Kipimo cha mwili mzima kiitwacho PET, kinachopatikana Nairobi, ikiwemo Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, huagizwa hasa pale operesheni au mionzi ya kuponya inapofikiriwa. Kwa mtu ambaye tayari imeonekana kwenye ini na mifupa, safari hiyo huenda isibadilishe lolote. Nambari ya hatua si nambari ya siku alizobakiza mtu. Daktari akitaja miezi, anasema kilichowapata wagonjwa wengi kwa wastani, na ndani ya wastani huo wapo waliokwenda upesi na wapo waliokaa miaka.

Jina la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi: alama za seli. Katika saratani isiyo ya seli ndogo, hasa adenokasinoma, maabara huweza kutafuta mabadiliko katika chembe za urithi za uvimbe, kama vile EGFR na ALK, na pia kupima kiasi cha protini iitwayo PD-L1. Haya si mambo ya kitaalamu ya kupitwa juu juu, kwa sababu mwenye badiliko la EGFR huenda akatibiwa kwa vidonge anavyomeza nyumbani kwake Langoni au Mkomani, badala ya dripu za kila wiki tatu. Nyama iliyobaki baada ya bayopsi huhifadhiwa ndani ya kipande cha nta, na kipande hicho chaweza kutumwa kupimwa alama hizi bila kumchoma mgonjwa sindano tena. Uliza kipo maabara gani, andika nambari yake, na usikubali kipotee.

Tiba zilizopo

Kabla ya jina la dawa yoyote, uliza lengo. “Daktari, tiba hii ni ya kuuondoa ugonjwa, au ni ya kuupunguza na kurefusha maisha, au ni ya kutuliza maumivu?” Ukoo ambao hauulizi swali hili huuza shamba la minazi kwa ajili ya tiba ambayo tangu mwanzo haikukusudiwa kuponya, kisha hudhani umedanganywa.

Operesheni ndiyo njia inayopendelewa katika hatua ya kwanza na ya pili, na kwa baadhi ya walio katika ya tatu, ikiwa ni saratani isiyo ya seli ndogo. Pafu la kulia lina ndewe, yaani sehemu zake kubwa, tatu na la kushoto lina mbili, na kwa kawaida daktari huondoa ndewe nzima yenye uvimbe pamoja na tezi zake. Mgonjwa hupulizishwa kwanza katika mashine ili ijulikane kama pumzi itakayobaki itamtosha. Upasuaji wa kifua ni kazi ya mabingwa wachache, na mara nyingi humpeleka mgonjwa Nairobi. Asiyeweza kustahimili kisu, na uvimbe wake ni mdogo, anaweza kupewa mionzi mikali iliyolengwa mahali padogo kwa siku chache tu, ambayo huwaponya baadhi ya watu.

Mionzi ya kawaida watu wetu huiita kuchomwa, na jina hilo huwatisha bure. Mgonjwa hulala chini ya mashine dakika chache, hasikii moto, na harudi nyumbani na mionzi ndani yake, kwa hiyo anaweza kumpakata mjukuu. Kinachokuja polepole ni uchovu, ngozi kuwa nyeusi au nyekundu pale inapopita, na koo kuuma wakati wa kumeza. Kwa lengo la kuponya, mionzi hutolewa siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki sita hivi. Kwa kutuliza mfupa unaouma au kusimamisha damu, huenda siku moja hadi kumi zikatosha. Kituo cha saratani cha Hospitali Kuu ya Pwani, ile ambayo watu huiita Makadara, kina mashine ya mionzi, na hilo limewapunguzia watu wa pwani foleni za Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta.

Tibakemikali, au kemo, hutolewa kwa dripu, mara nyingi kila baada ya wiki tatu, kwa mizunguko minne hadi sita. Cisplatin au carboplatin huwa ndiyo nguzo, na dawa ya pili huchaguliwa kwa kufuata tawi la ugonjwa, ndiyo maana tukahimiza jina. Kichefuchefu cha siku hizi si kile cha miaka ya nyuma, mradi dawa zake zimezwe kwa wakati, kabla tumbo halijachafuka. Nywele huota tena. Hatari kubwa ni homa. Baina ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, chembe nyeupe za damu hushuka, na mtu mwenye joto la 38 au zaidi anahitaji dawa za kuua bakteria kwa mshipa siku hiyo hiyo, si Panadol na kusubiri asubuhi. Nunueni kipimajoto kabla ya dripu ya kwanza. Ni kitu rahisi, nacho kina faida kuliko matunda yote mtakayoletewa. Watu wa Faza, Kizingitini au Kiunga wafikirie zaidi, hasa wakati wa kusi, bahari inapochafuka: ni bora mgonjwa akae mjini Lamu au Mombasa siku hizo kuliko kushikwa na homa pasipo na chombo cha kumvusha.

Kwa saratani ya seli ndogo, kemo ndiyo tiba kuu, kwa kawaida carboplatin au cisplatin pamoja na etoposide, na mionzi huongezwa ikiwa ugonjwa umebaki upande mmoja wa kifua. Saratani hiyo hujibu tiba upesi hata jamaa wakashangilia, lakini mara nyingi hurudi, na ni afadhali hilo lisemwe mapema. Kwa hatua ya tatu ya ile aina nyingine isiyoweza kupasuliwa, mionzi na kemo hutolewa kwa pamoja. Hiyo ndiyo aliyopewa ami.

Vidonge vya kulenga, kama vile gefitinib, erlotinib na osimertinib kwa wenye EGFR, humezwa kila siku na huweza kuuzuia ugonjwa kwa muda mrefu, ingawa siku moja saratani hujifunza kuvikwepa. Huleta vipele, kuharisha na kucha kuuma. Anayemeza vidonge hivi aulize kuhusu balungi, kwa sababu tunda hilo hubadilisha kiasi cha baadhi ya dawa kinachobaki mwilini, na sigara nayo huipunguza nguvu erlotinib. Bila badiliko linalolengwa havifai, na kuvinunua kwa kusikia vilimsaidia jirani ni kutupa fedha. Tibakinga, kama pembrolizumab, huziamsha askari za mwili zipigane na saratani. Huwafaa zaidi wenye PD-L1 nyingi, ina madhara yake ya pekee katika utumbo, tezi na mapafu, na bei yake ni kubwa mno kwa watu wengi wa kwetu. Sisemi isiulizwe. Nasema iulizwe pamoja na swali la pili: ikiwa haiwezekani, ni tiba gani inayofuata kwa ubora?

Maoni ya daktari wa pili si utovu wa adabu, na madaktari wazuri hawayachukii. Wanaofikiria India watume kwanza ripoti, picha na vioo vya bayopsi, wakaulize ni kipi watakachopewa kule ambacho hakipo Mombasa wala Nairobi. Wakati mwingine jibu ni dripu zile zile.

Maumivu na pumzi

Tiba shufaa ni ile inayoshughulika na maumivu, pumzi, usingizi na hofu, na hapa kwetu hudhaniwa kuwa ni mlango wa makaburini. Mwaka 2010 madaktari wa Boston, Marekani, walichapisha utafiti juu ya wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu isiyo ya seli ndogo iliyokwisha enea. Waliounganishiwa tiba shufaa na tiba ya kawaida tangu mwanzo waliishi miezi 11.6 kwa wastani wa kati, na wenzao waliopewa tiba ya kawaida tu waliishi miezi 8.9, tena wa kwanza walipungukiwa na huzuni kuliko wenzao. Basi iombeni siku ya kwanza. Mombasa ipo Coast Hospice, na huduma kama hizo huweza kuulizwa katika hospitali za kaunti.

Mofini ya maji ni dawa halali, hunywewa kwa vipimo kila saa nne, na mtu anayeitumia kwa maumivu ya saratani chini ya uangalizi hageuki mlevi. Hufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile. Kwa pumzi, feni ndogo au hata kipepeo cha mkono kinachopuliza hewa usoni husaidia kuliko wasiojaribu wanavyodhani. Ikiwa maji yamejaa kifuani, kuyatoa huleta nafuu ya siku hiyo hiyo.

Fedha na safari

Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya hospitali ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024. Asiye na mshahara hukadiriwa mapato yake, mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, nao hulipwa kwa mwaka mzima. Mfumo huo ulipoanza, kaya ilitengewa hadi shilingi 400,000 kwa mwaka kwa tiba ya saratani, na zikimalizika, mfuko wa dharura na magonjwa sugu uliongeza 150,000. Viwango hivi hurekebishwa, basi ulizeni dirishani vya mwaka huu, na muulize pia kimebaki kiasi gani kila baada ya mzunguko, kwani idhini isiyoombwa mapema humrudisha mtu Lamu bila dripu. Siti skani, nauli na malazi huweza kula fedha nyingi kuliko mnavyotarajia. Wiki sita za mionzi haziwezekani kwa kwenda na kurudi. Tafuteni jamaa wa kumpokea Mombasa, iwe Kibokoni, Majengo au Kisauni, kabla tarehe haijafika, na mchango wa msikitini au wa ukoo uwe na mtu mmoja anayeandika kila shilingi.

Nyumbani

Mwenye kuvuta sigara aache, hata baada ya majibu, kwa kuwa tiba hufanya kazi vizuri zaidi na vidonda hupona upesi. Asilaumiwe, kwani lawama haitoi sigara mkononi mwa mtu. Na asiyevuta asiulizwe ulizwe alifanya nini. Moshi wa kuni na makaa uhamishwe mbali na chumba chake. Jambo gumu zaidi kwa kina mama wa nyumba zetu litakuwa udi na ubani, lakini chetezo kisiingie anapolala. Nyumba zetu za ghorofa zina ngazi zenye vidato virefu: shusheni kitanda chini mapema, kabla hajashindwa kupanda.

Wageni watakuja kwa wingi kumtazama, na kumzuia mgeni ni aibu. Sisi msindikizaji alikaa barazani na kahawa, akiwapokea wote, akaruhusu wawili wawili wasio na mafua, na katika zile siku za damu kushuka hakuruhusu yeyote. Hakuna aliyenuna zaidi ya wiki moja. Mwarubaini, mlonge na habasoda vitajwe kwa daktari vyote, kwani vingine huenda vikagombana na dawa au kulichosha ini. Visomo na dua havigombani na kitu, ila kombe, yaani maandishi ya Kurani yanayooshwa kwa maji akanywa mgonjwa, lifanywe kwa maji yaliyochemshwa. Ramadhani ikiingia katikati ya tiba, ruhusa ya mgonjwa kula imo ndani ya Kurani yenyewe, na shekhe anaweza kumweleza vizuri zaidi kuliko sisi. Chakula kiwe kidogo kidogo, mara nyingi: uji wenye maziwa, samaki, mayai, kunde. Wasia na madeni yaandikwe wakati mtu ana nguvu, kama tunavyotakiwa sote tulio wazima.

Baada ya mizunguko miwili au mitatu, au wiki kadhaa baada ya mionzi, picha hurudiwa. Pelekeni ile ya kwanza, ili zilinganishwe. Ripoti yaweza kusema uvimbe umepungua, umekua, au haujabadilika, na hili la tatu ndilo linaloeleweka vibaya. Ami aliposomewa kwamba uvimbe wake haujabadilika alinyamaza njia nzima hadi Mtwapa, akiamini kwamba wiki zote zile zilikuwa bure. Nikamkumbusha alivyosema daktari, kwamba kitu kilichokuwa kikikua kila mwezi, nacho sasa kimesimama, basi kimezuiwa, na kwamba baadhi ya kilichoonekana pichani huenda ni kovu. Alinitazama, akauliza kwa nini sikumwambia Mombasa, na tulipofika Kilifi akafungua dirisha la basi akanunua korosho.